Radi Kavu na Harufu ya Injini ya Kigongo

Kabla ya yote, acheni kusugua. Nawaona. Mnajipulizia manukato kwenye vifundo vya mikono, halafu mnasugua kifundo kwa kifundo kama watu waliopotea porini wanaotafuta moto wa kupekecha. Baadaye mnakuja kulalamika: "Bibi, mbona hayadumu?" Yatadumuje, na nyinyi mmeyaua kabla hayajapiga hodi? Manukato yakishawekwa huachwa yakauke yenyewe. Ukitaka kujua kama unayapenda, nenda kafue, injika maharage, kisha rudi uyanuse yakiwa yamezoeana na ngozi yako. Kinachobaki maharage yakishaiva ndicho ulichochukua dukani. Ile ya mwanzo ni salamu ya mlangoni tu, na matapeli wote wanajua kusalimia.

Na mkishajipulizia, si lazima mtu aliyeko Misungwi apate habari kwamba mmetoka nyumbani Ilemela. Mnajipulizia kama mnaua mbu.

Mimi ni Mama Saida. Nimechanganya na kuuza manukato hapa Mwanza tangu usichana wangu mpaka magoti yalipokataa kusimama nyuma ya meza ya duka. Nimeombwa niseme neno kwa vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii. Nimekubali, ingawa wengi wenu sidhani kama mnataka kazi. Mnataka chupa yenye jina lenu, na picha mmeishika mkitazama pembeni. Lakini huenda yupo mmoja kati yenu mwenye pua. Nasema kwa ajili yake. Wengine sikilizeni tu, hakuna aliyekufa kwa kusikiliza.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Nassoro, mwenye duka la udi na marashi karibu na soko. Siku za mwanzo hakuniruhusu kugusa chupa hata moja. Alinituma sokoni nikazunguke, nirudi nimweleze nilichonusa.

"Umenusa nini?"

"Samaki."

"Rudi."

Nikirudi mara ya pili ananiuliza: "Samaki gani? Sangara aliyelala, sato aliyebanikwa, au dagaa? Na dagaa wenyewe wameanikwa kwenye mwamba au kwenye mchanga? 'Samaki' ni jibu la mtu mwenye mafua."

Nilimchukia sana. Nilikuwa nimekuja kujifunza waridi na miski, naye ananinusisha dagaa. Lakini ndivyo pua inavyofunguliwa. Nyinyi mnaanzia kwenye waridi. Waridi hata mjinga analijua.

Siku moja nilipanga dirishani chupa za mchanganyiko wa mchaichai na limau, eti ziwapendeze wapita njia. Jua la Mwanza likazipika mpaka zikanuka dawa ya kusafishia vyoo. Mzee Nassoro hakunifokea. Alinipaka ule ule mchanganyiko shingoni na nyuma ya masikio, akaniamuru niende nayo kwenye harusi ya binamu yangu jioni hiyo. Nimekaa ukumbini na gauni langu jipya, mama mmoja wa heshima akanigeukia: "Mwanangu, kuna juisi imemwagika kule mbele, ukapige deki." Tangu siku hiyo chupa yangu haijaona jua. Nyinyi mnaziacha kwenye dashibodi ya gari, halafu mnasema aliyewauzia ni mwizi.

Siku hizi mnapima kwa mizani ya umeme, na kompyuta inawakumbusha mlichoweka. Mimi sina ugomvi na mizani. Nilipoizoea niliipenda, maana mizani haiugui mafua wala haina upendeleo. Ugomvi wangu ni na yule anayedhani mizani inanusa.

Sasa tuingie kwenye ile chapa ya Radi Kavu, kwa sababu najua ndiyo habari mnayoitaka, na mmeisikia kwa watu waongo.

Nilikuwa tayari nimeanza kupumzika, naenda dukani siku nipendazo, ndipo aliponijia binti mmoja anaitwa Ritha. Amevaa nyeusi juu mpaka chini katika joto la mchana, viatu vizito kama vya wachimba dhahabu, pete puani, na gitaa mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umetoroka mgodini?"

Akacheka. Hilo nililipenda, sikumwonyesha. Akasema, "Nataka kutengeneza manukato ya roki."

Nikamwelekeza kwa kidole nje ya dirisha, kwenye vilima vyetu vilivyojaa mawe yaliyobebana kama mizigo stendi. "Miamba si ile pale? Kailambe."

"Si miamba, bibi. Roki ya muziki. Gitaa la umeme, ngoma, makelele."

"Makelele hayana harufu."

"Yanayo," akasema, na bila kuomba ruhusa akanisogezea vidole vyake puani.

Nikanusa. Chuma, jasho, kutu kidogo, na chini yake kitu kitamu kama damu ya ufizi. Zilikuwa nyuzi za gitaa zilizoachia harufu kwenye ngozi. Akaanza kunieleza jukwaa lao linavyonuka: vumbi linaloungua ndani ya spika iliyopata moto, jaketi la ngozi lililolowa, bia iliyomwagika juu ya mbao, moshi, nywele. Hakusema "harufu kali," hakusema "harufu ya kitajiri." Alitaja kitu kimoja kimoja kwa jina lake. Mzee Nassoro angemtuma sokoni mara moja tu.

Tatizo ni kwamba hakuja peke yake. Nje alikuwa anamsubiri mshirika wake, Kelvin, mtu wa matangazo na masoko. Jaketi lake lilikuwa la ngozi ya mnyama anayeitwa plastiki. Miwani myeusi hakuivua hata ndani ya duka, ambako taa yenyewe ilikuwa hafifu, mpaka akagonga kabati la udi. Gitaa alilishika kwa ajili ya picha tu, na alilishika upande usio wake. Yeye ndiye aliyeipa chapa yao jina la Radi Kavu, na yeye ndiye aliyeagiza chupa nyeusi zenye kifuniko cha fuvu la kichwa.

Aliniwekea mezani manukato yao ya kwanza, moja linaitwa Mjane wa Gitaa, jingine Jeneza la Dhahabu.

"Jeneza?" nikamuuliza. "Kijana, sisi hapa tukitoka mazikoni tunaoga ndipo tunaingia ndani. Wewe unataka tulipake?"

"Ndiyo utamaduni wa roki, bibi. Kifo, uasi, giza."

"Utamaduni wa nani? Kwenu si Sengerema?"

Nikafungua hilo jeneza nikanusa. Vanila, sukari, na siagi. Ukivua lile fuvu, ndani mlikuwa na biskuti. Na watu walikuwa wanajipulizia biskuti, wanakunja uso mbele ya simu, wanajiita waasi. Muasi gani anayenuka chai ya saa nne?

Mtaniuliza kwa nini nilikubali kufanya nao kazi. Nilikubali kwa sababu ya pua ya Ritha. Pua ya namna ile ukiiona, huiachi mikononi mwa mtu anayegonga makabati.

Walikuwa na chumba Ilemela, nyumba iliyoegeshwa ubavuni mwa jiwe kubwa, upande mmoja wa ukuta ni jiwe lenyewe. Palikuwa na ubaridi, mahali pazuri kwa chupa. Nikawafundisha niliyoyajua. Kwa mfano, pua ikichoka, msikimbilie kunusa punje za kahawa kama mnavyodanganyana. Nusa ndani ya kiwiko chako mwenyewe. Pua inarudi nyumbani, inapumzika. Na siku ya kazi usile vitunguu vibichi, wala usigombane na mtu asubuhi. Hasira inaziba pua kuliko mafua. Ritha alishika yote. Kelvin alikuja siku moja amekula kachumbari, akasema kila chupa ina "mtetemo mzuri."

Tulitengeneza vitu vizuri vichache na vibaya vingi. Siku moja Ritha alinusa kazi yetu ya wiki nzima, akaisukuma kando.

"Tunadanganya, bibi. Haya ni majukwaa ya watu tuliowaona kwenye video. Mimi roki sikuisikia kwenye video."

"Uliisikia wapi?"

"Kigongo."

Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Likizo za shule alimchukua mwanawe kazini, anamkalisha juu ya kamba zilizozungushwa, na ile injini inapowashwa sauti yake inampiga mtoto kifuani mpaka meno yanacheza. "Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza," akaniambia. "Nilivyoshika gitaa la umeme ukubwani, nilikuwa naitafuta ile."

"Basi twende tukainuse."

Akaanza kufunga vizibo vya chupa zilizokuwa mezani. Kisha akanieleza kwamba baba yake alikuwa kiongozi wa sauti za besi kwenye kwaya ya kanisani kwao Misungwi, na yeye Ritha ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza. Siku alipoiacha kwaya akaingia bendi ya roki, mzee hakumpiga wala hakumfukuza. Aliacha tu kuitikia salamu yake.

Tulikwenda siku za mwisho mwisho za vivuko. Daraja lilishasimama pale juu, jeupe na refu, linasubiri kufunguliwa, na chini yake kivuko bado kinapakia malori na mama wenye vikapu vya nyanya. Mzee Masanja alitoka chini kwenye injini, ovaroli imelowa mafuta mpaka huwezi kujua ilianza na rangi gani.

"Shikamoo mama," akanisalimia.

"Marahaba, baba."

"Shikamoo baba," akasema Ritha.

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja. Akatazama maji. Mimi nimeona watu wakitukanwa hadharani sokoni, nimeona ndoa zikivunjika mbele ya kaunta yangu, lakini kimya kile kilinitia aibu kuliko vyote. Shikamoo isiyoitikiwa inabaki hewani kama kitu kilichooza, na kila mtu anajifanya haisikii harufu.

Nikamwambia nimekuja kunusa injini yake.

"Kunusa?"

"Kunusa."

"Mama, watu huja hapa kuikagua, kuipiga picha, kuitukana ikichelewa. Kunusa, wewe ni wa kwanza."

Akanishusha ngazi kwa uangalifu kama anabeba mayai. Chini kulikuwa na joto la kumtoa nyoka pangoni. Nikafumba macho nikaanza kuitenganisha ile harufu: dizeli, grisi iliyoiva, rangi ya chuma, kamba za katani zilizolowa, na yale magugu ya ziwani yanayooza pembeni. Kila nilichotaja alinieleza kinatoka wapi, na mimi nikamuuliza zaidi, naye akawa anaongea kama mtu aliyesubiri miaka mingi kuulizwa. Ritha alisimama kwenye ngazi, ananusa.

Katikati ya maelezo mzee akapaza sauti, uso bado kwangu: "Mwambie mwenzako asiegemee hapo. Bomba lina moto."

Ritha akajiondoa. Kwa yeye na baba yake, hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya siku hiyo.

Haukupita muda mrefu daraja likafunguliwa. Magari yakapita juu kwa raha zao, kivuko kikafungwa ufukweni, na Mzee Masanja akarudi Misungwi na ovaroli yake.

Kazi ya kuitengeneza ile harufu ilitutoa jasho. Tulipata dizeli kwa mafuta meusi ya gome la mti lililochomwa, tone moja tu, maana ukizidisha unanuka banda la kukaushia samaki. Tulipata kamba, tukapata magugu, tukapata chuma cha moto. Kila kitu kilikuwapo, lakini ukikinusa hukioni kivuko. Unaona gereji. Nikasema labda tuongeze chumvi, labda tupunguze grisi. Nilikosea tu, jaribio baada ya jaribio.

Mama yake Ritha ndiye aliyetufungulia, bila kujua. Alikuja mjini kumsalimia mwanawe kwa siri, akaanza kulalamika. "Baba yako anashinda uani na ile ovaroli. Haniruhusu kuifua. Anakaa kwenye kigoda kama anasubiri abiria. Nimefanikiwa kumnyang'anya kitambaa tu, nacho nimekisahau humu kwenye mkoba."

Ritha akakinusa kile kitambaa. Akakinusa tena. Akakaa chini.

"Sabuni, bibi. Sabuni ya kipande, ya kufulia. Baba hunawa nayo kabla ya kula, grisi haitoki yote, zinabaki pamoja. Sisi tumetengeneza injini tu. Hatukumweka mtu."

Tuliweka sabuni. Nikawekewa tone mkononi, nikafumba macho, na yule mtu akasimama mbele yangu anafuta vidole. Halafu nikasema inafaa. Mtu wa kazi yangu hasemi zaidi ya hapo, na nyinyi mnaosema "wow!" kwa kila kinachofunguliwa mnapaswa kuona haya.

Ritha akaiita Injini. Kosa alilofanya ni kumsimulia Kelvin ilikotoka.

Kelvin alivua miwani kwa mara ya kwanza. "Baba yako anashinda uani na ovaroli? Analia?"

"Halii. Anakaa."

"Hiyo ni dhahabu," akasema.

Tukadhani anaongea tu, kama kawaida yake.

Siku ya uzinduzi walikodi bustani ya hoteli moja ufukweni, upande wa Ilemela. Mchana mweupe, ziwa limetulia, na vijana wenu wamejaa wamevaa makoti meusi, wanavuja jasho kama mitungi, wengine wamejichora mafuvu usoni. Nilikwenda mwenyewe Misungwi siku kadhaa kabla kumwomba Mzee Masanja. Nilimwambia, "Baba, kuna kazi imefanywa kutokana na kazi yako. Njoo uikague." Akaja. Amevaa suti yake ya kanisani, mkewe pembeni na kitenge kipya, wakakaa na mimi safu ya nyuma. Ritha na bendi yake walipanda jukwaani, akatuona, akakosea wimbo.

Kisha Kelvin akashika kipaza sauti, akasema maneno mengi kuhusu maumivu na nafsi ya mwamba, na skrini kubwa ikawaka.

Alikuwa Mzee Masanja. Uani kwake, kwenye kigoda, na ovaroli. Baadaye tulijua kwamba Kelvin alikwenda Misungwi, akajitambulisha kama rafiki wa Ritha aliyepita kusalimia, akakaribishwa, akapewa viazi na maziwa, na wakati wote huo simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, inarekodi. Amekula chakula cha mtu huku anamwiba. Katika ile picha mzee anaongea lakini sauti imeondolewa, amewekewa kinanda cha huzuni. Anapitisha mkono usoni. Maandishi meupe yakatokea: Machozi ya Baba Aliyepoteza Kivuko. Halafu fuvu. Halafu Injini.

Watu wakasema "aaah." Dada mmoja mbele yangu alifuta macho kwa kikaratasi cha kunusia manukato kilichogawiwa mlangoni.

Mzee Masanja akasimama. Akafunga vifungo vya koti lake, vyote.

"Mama Saida, ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Haya."

Akatoka, polepole, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya baraka. Mkewe akamfuata.

Ritha alimwona. Akavua gitaa, akashuka jukwaani, akaenda kwenye ile mashine ya picha akang'oa waya. Skrini ikafa. Na mnajua Kelvin alifanya nini? Alinyanyua mikono akapiga kelele: "Hiyo ndiyo roki, jamani!" Na watu wakashangilia! Wakadhani ni sehemu ya onyesho. Ritha akamnyang'anya kipaza sauti.

"Yule ni baba yangu," akasema. "Hakuombwa. Amerekodiwa nyumbani kwake kama mnyama mbugani. Leo hakuna kinachouzwa hapa. Nendeni makwenu."

Wakapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi. Wengine wakainua simu juu ili wampate vizuri. Nimeishi miaka mingi, nimewahudumia walevi, maharusi wenye kiburi na mabwana wanaonunulia wake zao na wasio wake zao kwa safari moja, lakini umati mjinga kama ule sijauona. Mtu anawaambia moyo wake umepasuka, nyinyi mnauliza chupa ziko wapi.

Ritha akabeba katoni ya Injini, zote zilizokuwapo, akaondoka. Nikamfuata kwa magoti yangu haya.

Yaliyofuata mnayajua. Kelvin alibaki na jina na mafuvu yake, na hadi leo anauza kitu anachokiita Injini. Nimekinusa. Biskuti, safari hii imeungua kidogo. Ritha anatengeneza kwa jina jingine, kidogo kidogo, kwenye chupa nyeupe za kawaida, na wenye pua wanamjua alipo. Msichokijua ni kilichotokea siku chache baada ya ule uzinduzi, maana hakuna aliyekirekodi, namshukuru Mungu.

Ritha alihama kile chumba, akapakia kila kitu chake kwenye gari la jirani, akaniomba nimsindikize Misungwi kabla hajajua atalala wapi. Mama yake alitupokea akiwa na unga mikononi. Mzee alikuwa uani, kwenye kigoda. Safari hii hakuvaa ovaroli. Ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, inavuja maji. Nadhani kuona amekubali ifuliwe ndiko kulikomwumiza Ritha kuliko yote.

Akapiga magoti. "Shikamoo baba."

Tukasubiri. Mimi nilitazama kuku.

"Marahaba," akasema mzee. Akakohoa. "Inuka, unachafua suruali. Yule kijana ameandika kwamba nililia."

"Nisamehe baba. Mimi ndiye niliyemsimulia."

"Sikulia. Nilikuwa nafuta jasho. Nilikuwa namweleza jinsi tulivyovusha wagonjwa siku ya mawimbi, na ile sauti ameitoa. Mtu akitaka kuniuza, auze nilichofanya. Asiuze nilivyokaa."

Ritha alilia yeye, bila kinanda. Mzee akamwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo kazi niikague. Mama Saida aliniahidi."

Akapewa chupa. Akanusa kizibo, akajipaka nyuma ya kiganja, hakusugua, akangoja. Nikamheshimu zaidi hapo.

"Ndiyo yenyewe," akasema hatimaye. "Hata ile sabuni mmeiona. Lakini hii ni injini iliyozimwa. Imefungwa gatini, mafundi wamekwenda kula."

"Ikiwaka inanukaje, baba?"

"Ikiwaka nani ana nafasi ya kunusa? Inasikika." Akatazama gari lililojaa vitu. "Kile chombo kilichokufanya uache kwaya kiko humo?"

Ritha akaleta gitaa. Kwa heshima ya baba yake akakaa kwenye mkeka akalipiga hivi hivi, bila umeme, kwa ncha za vidole, kinyenyekevu. Mzee alisikiliza kidogo tu.

"Hii ndiyo iliyokutoa kanisani? Hata kuku hawajageuka."

"Spika ipo kwenye gari, baba. Ina kelele sana."

"Mimi nimelala juu ya injini maisha yangu yote, wewe unaniogopea kelele?"

Ikateremshwa, ikaunganishwa kwa waya uliopitishwa dirishani. Ritha akasimama, akatanua miguu na yale maviatu yake, akapiga. Jamani. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Mama yake akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani nyumba imeanguka, watoto wa mtaa wakajaa ukutani, na bati likaanza kuitikia. Mzee Masanja hakutikisika. Alisogeza kigoda, akaweka kiganja juu ya ile spika, akafumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja, na midomo yake ikawa inahesabu kitu mimi nisichokijua.

Ritha alipoacha, masikio yangu yaliendelea kulia peke yake. Mzee akabaki na mkono pale pale.

"Silinda zote zinawaka," akasema. "Washa tena."

Na mimi nawaambia wazi, lile ni kelele, si muziki, na hakuna aliyeweza kunishawishi vingine mpaka leo. Nikatoa pamba kwenye pochi, nikaziba sikio la kushoto, nikaziba na la kulia, nikavuta mkeka karibu na mama yake Ritha, tukakaa.